Prednisoloni si dawa ya kukaa nayo

Mara ya kwanza kumeza prednisoloni, kidonge cha steroidi cha kutuliza uvimbe wa utumbo, niliona muujiza. Wiki ile nilikuwa nakwenda chooni mara kumi kwa siku, damu tupu, na usiku naacha taa inawaka nisije nikajikwaa njiani. Siku ya nne nikalala hadi asubuhi. Kwa hiyo namwelewa mgonjwa anayeficha vidonge vilivyobaki kwenye droo, akivisubirishia siku mbaya. Nami nilivificha.

Ila kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wangu huu wa utumbo mpana kuvimba na kutoka vidonda, ikishafika ukali wa kati au zaidi, steroidi ni ya kuzima moto tu. Tangu 1955, madaktari Truelove na Witts walipoijaribu kotisoni, steroidi nyingine, inajulikana kwamba inamtuliza aliyezidiwa. Hilo sibishani nalo. Kinachonikera ni mchezo unaofuata: dozi inashushwa, damu inarudi, dozi inapandishwa, mwaka unakatika. Huku nyuma mifupa inadhoofika, sukari inapanda, uso unavimba hadi watu wanakupongeza kwa kunawiri. (Pongezi hizo nilizipokea, tena kwa tabasamu.) Na huwezi kuiacha ghafla, maana mwili umeshasahau kujitengenezea steroidi yake.

Kwa maoni yangu, anayehitaji steroidi mara mbili ndani ya mwaka mmoja hana haja ya kusubiri ya tatu. Zipo dawa nyingine, za kuzuia kinga ya mwili isiushambulie utumbo: ipo infliksimabu ya dripu, ipo vedolizumabu inayozuia chembe nyeupe zisiingie utumboni, vipo na vidonge kama tofasitinibu. Kabla ya kuanza nyingi ya hizo unapimwa kifua kikuu kilicholala na homa ya ini B, kwa sababu kinga ikishushwa vinaweza kuamka. Wala si dawa za miujiza: utafiti wa 2019 uliposhindanisha vedolizumabu na adalimumabu, dawa ya sindano ya kundi la infliksimabu, baada ya wiki 52 waliotulia kabisa walikuwa asilimia 31 kwa 22. Mshindi mwenyewe aliwaacha wengi njiani. Wapo wanaoishia kutolewa utumbo mpana wote, na sioni kwa nini tuwaite walioshindwa.

Mimi nilichelewa kwa sababu nilijisikia mzima. Siku moja daktari akaagiza kipimo cha kalprotektini kwenye choo, protini inayoonyesha kama utumbo umevimba. Ikawa juu mno, na tumbo wala haliumi. Akaitazama karatasi, kisha akaniuliza nyumbani nimebakiza vidonge vingapi.