Mjomba, Ni Asilimia 30 Tu

Mtoto wa dada yangu yuko kwangu anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Kula anakula, sina neno. Shida yake ni hesabu.

Chumba changu ni vile vya kumi kwa kumi mnavyovijua, kitanda tano kwa sita. Bati lina tundu la msumari, na mvua ndizo hizi. Juzi saa nane usiku tone limenitua puani, ta! Nimeruka, namkuta mwenzangu ameshawasha tochi ya simu, anaandika.

"Mjomba, chumba kina futi za mraba 100, kitanda 30. Uwezekano wa tone kuangukia kitandani ni asilimia 30 tu."

Tu! Hiyo 70 mbona hailowi?

Nikavuta kitanda, nikaweka beseni. Akapima nusu kipenyo, futi 0.7. Akazidisha kwa yenyewe, kisha kwa 22/7, akapata 1.54. "Beseni lina asilimia moja na nusu, mjomba. Usilitegemee." Wakati huo beseni linalia to, to, to, limefika nusu! Eti hapo hesabu nimeiharibu mimi, kwa sababu tone linatakiwa liwe na nafasi sawa ya kuanguka popote. Basi panda juu ukalisomeshe.

Ushauri wake ninunue kitanda cha tatu na nusu kwa sita, tushuke hadi 21. Mwenye nyumba naye nikimpigia, "Mvua ikikata tutaliangalia." Mvua ikikata ataziba nini, jua?

Jumapili nikamtoa akapunge upepo. Tukakuta jamaa ana ubao wa miraba, sentimita tano kwa tano. Unarusha kizibo cha soda, kisipogusa mstari unaondoka na sabuni ya mche. Kizibo kina sentimita tatu, mraba tano, nani asiyeona kinaenea? Nikarusha mpaka nauli. Mstari, mstari, mstari.

Kijana kakaa kimya mpaka hela imekwisha, ndipo anafungua mdomo. "Mjomba, angalia kitovu cha kizibo. Lazima kiwe mbali na kila mstari kwa sentimita moja na nusu. Kwa hiyo kinabakiwa na kimraba cha mbili kwa mbili hapo katikati. Nne kwa 25, asilimia 16." Akaongeza kwamba kuna Mfaransa, Buffon, alishauandika mchezo huu kwenye kitabu mwaka 1777. Yaani 1777 wanajua, mimi nakuja kuambiwa nikiwa sina nauli!

Tumerudi kwa miguu. Kumbe jamaa wa ubao alikuwa anasikiliza. Leo nimepita pale, miraba imekuwa ya nne kwa nne. Kijana kaitazama mara moja tu: "Moja kwa 16, mjomba." Jamaa akampa mkono, na sabuni ya bure.