Sikupanda Kochi

Wengi wenu mmeshaisikia ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ya jamaa anayesimulia kisa changu na samaki wangu huku anacheka hadi anakohoa. Naomba tuwekane sawa kabla haijafika kazini kwangu. Kwanza, sikupanda kochi. Nilipanda mkono wa kochi. Pili, sikulia. Tatu, hakuna "papa mtoto" yeyote ndani ya nyumba yangu.

Mhusika mnamjua, yule samaki mwekundu wa kwenye tanki la lita 400 pale sebuleni. Wafugaji wanamwita shetani mwekundu, ila kwa mama mkwe, ambaye ni mtu wa kwaya, huwa namtambulisha kama "yule mkubwa". Kwao ni Nikaragua, Ziwa Nikaragua na Ziwa Managua. Nilimnunua akiwa mdogo, kijivujivu, hana makuu. Alivyokua rangi ikageuka chungwa, kichwani ikaota nundu, na tabia nayo ikaota. Niliwahi kumletea mwenzake wa Amerika ya Kati, Jack Dempsey, samaki mwenye madoa ya buluu aliyepewa jina la yule bondia bingwa wa uzito wa juu wa mwaka 1919 hadi 1926. Bingwa alidumu usiku mmoja. Asubuhi nilimkuta kajibanza juu kabisa nyuma ya bomba la filta, mapezi yamechanika, nikamhamishia kwenye ndoo. (Anaendelea vizuri, asanteni mliouliza.)

Kuwafuga hawa hapa Dar hakuna kazi kubwa. Hita ya nini, joto tunalo. Maji ya kisima chetu, yale ambayo sabuni inagoma kutoa povu, ndiyo wanayoyapenda. Kasheshe ni wakipata mwenza, kama huyu wangu alivyopata. Dume na jike wanabeba kokoto kwa mdomo, wanachimba mpaka kioo cha chini kinaonekana, mmea uliouotesha jioni unaukuta asubuhi unaelea. Kisha jike anataga kwenye jiwe, na kuanzia hapo hata kivuli chako hawakitaki.

Sasa Jumamosi mama mkwe akaja.

Habari za ukwe mnazijua, asiyejua akamuulize babu yake. Hukai naye kochi moja, humkazii macho, na kumgusa ndiyo usahau kabisa. Nilikuwa nimejikunyata pembeni na shati la kanisani, naitika "ndiyo mama", "hapana mama", macho kwenye zulia. Yule jamaa wa ile sauti naye alikuwepo. Alikuja kuazima ngazi, akaona soda, akakaa.

Filta ikaanza kukoroma. Wale wawili walikuwa wameifukia kwa kokoto. Mama akauliza, "Baba, hicho kinachokoroma ni nini?" Nikaona hapa ndipo pa kupatia heshima. Nikasimama, nikakunja mkono wa shati, nikafunua mfuniko. Mke wangu akasema taratibu, "Baba, wana mayai." Jibu langu jamaa amelinukuu vilevile lilivyokuwa: "Wananijua hawa."

Mkono ukazama hadi kiwiko. Dume nikamwona kwenye kona, katulia, mashavu kayatanua. Kidole kikagusa bomba. Kuja kwake sikukuona. Nilichohisi ni ile ngozi laini kati ya kidole gumba na cha shahada imebanwa, na haiachiwi. Meno yake ni madogo, hayang'oi nyama, ila yanakwangua kama brashi ya waya. Mkono ukachomoka wenyewe, kwa kasi ambayo sikujua ninayo, na yeye bado kaning'inia. Kisha akaachia. Nikamwona anapita usawa wa macho yangu, chungwa tupu, sentimita 25 hivi, anadondosha maji. Akapita juu ya meza. Akapita juu ya sinia la matunda. Muda huo mimi niko juu ya mkono wa kochi na nimeshapiga ukelele: "Mamaaa!"

Mama mkwe akaitika, "Abee."

Na samaki akatua mapajani pake.

Jamani, hebu subirini hapa kidogo mnionee huruma. Samaki anajipigapiga kwenye kitenge cha mkwe wangu, na mwenye samaki ni mimi, natakiwa nimkamate. Mikono ikaenda, ikafika nusu ya njia, ikakwama. Nikaipeleka kushoto. Nikairudisha. Samaki akazama kwenye mkunjo wa kitenge, ukabaki mkia tu, nami kwa adabu nikageukia ukuta. Jamaa anadai nilipiga saluti. Sikumbuki, lakini sikatai.

Mama hakupepesa hata kope. Ni mtu wa Ukerewe, kakulia mwaloni, kunakoshushwa samaki, enzi furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, wamejaa ziwani kabla ya sangara kutapakaa miaka ya 1980. Akapitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, akailaza miiba ya mgongoni, samaki akatulia tuli. Akamgeuza. Akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia.

"Hana mayai."

Nikaliambia pazia, "Hawa hawabebi mayai mdomoni kama furu, wanataga kwenye jiwe, mama. Na huyo ni dume."

"Huyu ni furu," akasema. "Furu gani mnene hivi? Mnampa nini?"

Wadau, kapatia! Furu, sato, perege na huyu wa Nikaragua wote ni ukoo mmoja. Mimi nililijua hilo kwa kumaliza bando za intaneti, yeye kamshika tu. Kisha akauliza lile swali lililomwangusha jamaa chini na soda yake: "Nileteeni kisu nimpare?"

Mengine ni haraka. Mama alimrudisha majini mwenyewe, mimi nimeshika mfuniko. Kidonda kikasafishwa, kitenge kikaanikwa, ngazi ikaazimwa. Jumanne mayai yakaanguliwa, sasa vitoto vimerundikwa kwenye shimo vinatikisa mikia, baba yao kavisimamia juu. Mama mkwe anapiga simu kila jioni. Mkono wangu hajauulizia, anaulizia furu.

Vikianza kuogelea nitavigawa, viko vingi mno. Anayetaka aje na ndoo yake. Mkono wa kuvulia pia aje nao.