Haleluya Sio Mwisho Jamani

Jumapili jioni nilienda kusikiliza Messiah, ule utunzi mrefu wa kwaya na ala wa mtunzi Handel, wenye sehemu tatu, kanisa moja hapa kisiwani Mombasa, kwaya imejaa mpaka ngazi za madhabahu, kuna kinanda, violini chache na tarumbeta moja. Ule wimbo wake maarufu, Haleluya, ukaja, kanisa zima likasimama, simu zote juu, ukaisha, makofi na vigelegele, halafu watu wakachukua mikoba yao wakaenda zao. Yaani karibu nusu ya viti! Bibi mmoja mbele yangu akamwambia mjukuu wake haya twende mwanangu, ishakwisha. Haijakwisha mama! Kuna sehemu nzima ya tatu!

Najua mtanijibu nini. Feri. Haya, usiku foleni ya Likoni ni ile ile na matatu zikiona giza zinajipangia nauli zitakavyo, na joto la mle ndani Disemba hii sio mchezo, feni zote zinazunguka na bado wanakwaya wanajipepea na nota. Mwenye mtoto mchanga simlaumu. Lakini wale niliowakuta nje baadaye wanapiga selfi na kula viazi karai, hao walikuwa wanawahi feri gani?

Haleluya inafunga sehemu ya pili tu. Pale ni ushindi, Mungu anatawala, sawa, kila mtu anaijua mpaka watoto wa Sunday school. Sehemu ya tatu sasa ndo inakugeukia wewe, na kifo chako je, na yule uliyemzika je? Inafunguliwa na soprano, dada wa sauti ya juu, peke yake, pole pole, maneno ya Ayubu, yule aliyepoteza mali na watoto na afya na bado anasema najua mkombozi wangu yu hai. Baada ya kishindo chote kile inabaki sauti moja tu. Mimi nimezika mwaka huu, na sikuweza hata kugeuza shingo. Na dada mwenyewe hakusomea muziki ng'ambo, ni mtu wa solfa za kanisani tu, akaimba vile huku anatazama migongo ya watu wanaotafuta mlango. Sijui mtu anapata wapi moyo huo.

Halafu besi, mwanamume wa sauti nzito, anasimama na ile tarumbeta, parapanda italia na wafu watafufuliwa, kijana akapiga mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mwisho kabisa ndo Amin. Neno moja tu, dakika kadhaa! Besi wanaanza, wale wa sauti ya tena wanaingia juu yao, kisha alto, kisha soprano, wanafukuzana, wanapandiana, unafikiri washapoteana kumbe wapi, halafu karibu na mwisho wote kimya ghafla, hata kinanda, ndo wanaiangusha ile Amin ya mwisho. Kutoka kabla ya hapo ni kama kuondoka harusini ukishakula biriani na bibi harusi hajatolewa.

Ile hadithi ya kwamba tunasimama kwenye Haleluya kwa sababu mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama, iliandikwa miaka mingi baadaye na ushahidi hamna. Simameni mkitaka, ila mkae tena.

Na nyie wa "mambo ya wazungu hayo", onyesho la kwanza la Messiah lilikuwa Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, na pesa ziligawanywa kwa hospitali na kuwalipia watu waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 wakatoka. Leo hapa kwetu nani hajui uzito wa deni? Wanawake waliombwa wasivae zile sketi zenye duara, wanaume waache panga nyumbani, ili watu waenee ukumbini. Wenzetu walibanana kuingia, sisi tunabanana kutoka.

Tena ilikuwa Aprili, msimu wa Pasaka, mbona sisi lazima Disemba, wakati kila mtu ana harusi na wageni kutoka bara? Ileteni Pasaka, mtangaze mapema, mchapishe kwenye karatasi kwamba kuna sehemu tatu, kwa herufi kubwa.

Waandalizi nanyi hamjapona. Tuliobaki tulitaka kwenda nyumbani na ile Amin masikioni, mara kondakta akageuka akatabasamu, mkatupigia Haleluya tena. Ya nini? Waliokuwa wanaitaka si washaondoka?