Damu ya Mzee

Kabla hujaanza kunicheka, neno lenyewe ni Kiswahili safi. Ingia duka lolote la vitambaa hapa Nakuru uombe damu ya mzee, na muuzaji hatashtuka. Atakushushia jora la nyekundu iliyoiva hadi ikakaribia weusi, ile ambayo wenye sweta za shule huiita maruni. Kwa hiyo neno sikukosea. Nilikosea kundi la wasapu.

Baba yangu alikuwa utingo wa treni. Mwenyewe hataki kusikia hilo neno, anasema "fayamani", lakini kazi ni ile ile: dereva anaendesha, wewe unahakikisha moto hauzimiki. Alipanda zile Garratt za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, injini 34 za mvuke zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja na jina la mlima. Zilikuwa na uzito wa tani 250 na ushei, na zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Ukimwambia Mzee kwamba kazi yake ilikuwa kuchota makaa kwa koleo, chai yako anaimwaga.

Na zilipakwa damu ya mzee.

Basi alipokaribia kutimiza miaka 80, nikaamua kumuundia moja. Nikachagua namba 5918, Mount Gelai, kwa sababu ipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi na mtu anaweza kwenda kuizunguka na futi kamba. Niliipunguza mara 87, ikawa na urefu wa kama sentimita 36. Ilinichukua miezi 14. Mabomba nilikata kwenye kalamu za Bic. Madirisha na mbavu za matangi yalitoka kwenye vifuniko vya CD, ambavyo ni plastiki nzuri sana kwa kazi hii, na ndiyo sababu nyimbo za injili za Mama Junior siku hizi zinakaa ndani ya mfuko wa mkate.

Sasa, rangi. Sisi watu wa treni ndogo hapa nchini tunaojuana ni wanne: mimi Nakuru, mmoja Kisumu, mmoja Eldoret na mmoja aliyehamia Minnesota. Huyu wa Minnesota ndiye aliyetuzoesha vibaya. Alikuwa akija likizo na vichupa vya Floquil na Polly Scale, rangi za Marekani zilizochanganywa makusudi kufanana na rangi za makampuni ya reli. Floquil ilikuwa na harufu ya kumwamsha maiti, na kwenye plastiki ilibidi kwanza upake dawa yao ya kukinga, la sivyo inaila. Polly Scale ilikuwa ya maji, mpole, unapaka mezani huku watoto wanakula. Katika hizo kulikuwa na moja iitwayo Tuscan Red, iliyokuwa rangi ya mabehewa ya Pennsylvania Railroad. Matone 7 ya hiyo, tone 1 la nyeusi, na una injini ya Mzee kabisa. Hata yeye alipoona kipande cha majaribio alikinusa, akasema, "Hii mmeitoa wapi?"

Mwaka 2013, Testors waliokuwa wakizitengeneza wakazifuta zote mbili. Wa Minnesota akazunguka maduka akaokota vichupa vilivyobaki, tukagawana kama warithi. Changu cha mwisho nilikitunza miaka na miaka kwenye droo, nikikitikisa kila mwezi kama dawa ya kikohozi. Kisha Jumatano ile, siku 3 kabla ya sherehe, tangi la mbele na kibanda cha dereva vikiwa tayari vimepakwa, nikafungua kichupa kupaka tangi la nyuma. Kijiti kilisimama wima. Kumbe mara ya mwisho kifuniko sikukikaza. Na rangi ya maji ikishakauka haina toba, hata ukiichemsha.

Usiniambie ningenunua nyingine. Najua Humbrol ipo Uingereza, Vallejo ipo Uhispania, Tamiya ipo Japani. Lakini nusu ya injini ilikuwa imeshapakwa, na nyekundu mbili zinazokaribiana zikikaa bega kwa bega huonekana kama suruali iliyotiwa kiraka. Halafu ni Jumatano. Nilipomwambia Mama Junior kwamba ingebidi niagize rangi London, alinipa shilingi 50 za matatu. Kwa wasioijua Nakuru: London ni mtaa wetu hapa hapa.

Ndipo nikachukua simu, saa 3 usiku, nikawaandikia wenzangu watatu:

"Jamani, damu ya mzee imeniishia. Kidogo iliyokuwa imebaki imeganda kwenye chupa. Mwenye nayo anisaidie, hata mililita 20 tu zitatosha. Ni haraka, mambo ni Jumamosi."

Nikatuma, nikaiweka simu kwenye chaji sebuleni, nikaenda chumba cha nyuma kupiga msasa hadi saa 8 usiku. Juu kabisa kwenye simu yangu, hapo ambapo huwa pana "Treni Ndogo", palikuwa "Familia Yetu". Watu 63.

Nilikuja kuyasoma baadaye, kwa mpangilio, kama hakimu.

"Mzee yuko hospitali gani?"

"Imeganda? Kwa chupa? Mungu wangu."

Amu wa Bungoma: "Mimi ni O lakini nina presha. Natuma kijana."

Binamu yangu muuguzi wa Kakamega: "Nani amewaambia mililita 20? Mtu mzima hutolewa 450. Hiyo 20 ni ya kufanyia nini? Niunganisheni na huyo daktari."

Mtu akaweka mshumaa. Mwingine akamwambia tusikimbilie mishumaa jamani. Mjomba akauliza "mambo ni Jumamosi" maana yake ni operesheni au ni ile nyingine. Hakuna aliyetaka kumjibu. Baadaye huyo huyo akaandika kwamba kwa vyovyote hela zitahitajika, na akaweka namba yangu ya M-Pesa.

Walinipigia mara 31. Walimpigia Mzee, lakini Mzee ana simu ya mulika mwizi ambayo huizima saa 2 usiku ili betri ipumzike, na hilo likawa ndilo ushahidi. Simu imezimwa! Mshumaa ukarudi.

Reli ilitoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, ikiitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Miaka 5. Shangazi aliitoka Kisumu saa 6 usiku na saa 11 alfajiri alikuwa langoni kwetu Nakuru, na mfuko wa omena, na jogoo aliyefungwa miguu, na kijana wa Bungoma waliyekutana naye njiani, amekunja mkono wa shati tayari.

"Ndugu yangu! Ndugu yangu mmoja wa pekee!" Alianza hapo langoni. Mbwa wa jirani walinyamaza.

Mlango ukafunguliwa na Mzee mwenyewe, taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

"Dada," akasema, akatoa mswaki. "Nani amekufa?"

Sitaeleza yote yaliyofuata. Shangazi alimpapasa kaka yake mabega, mgongo, akamfunua jicho. Kisha akanigeukia mimi, niliyetoka na kaptura yenye vumbi la plastiki, na kwa dakika nzima nilimweleza mama huyu wa miaka 72, asubuhi hajala, kuhusu rangi za mabehewa ya Pennsylvania.

"Kwa hiyo damu ni rangi."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mzee ni toi."

"Si toi hasa, shangazi, ni..."

"Chinja huyo jogoo," akamwambia kijana wa Bungoma. "Angalau kitu fulani kimwage damu leo."

Kufikia saa 4 nyumba ilikuwa na watu 14. Waliokuwa njiani hawangeweza kurudi bila kula, na waliokuwa hawajaanza safari walisikia kuna jogoo. M-Pesa ilikuwa imefika shilingi 11,400. Nilianza kurudisha, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu aliyetuma 200 kwa ajili ya damu hukumbuka kwamba alituma 500.

Lakini katika hao 14 alikuwemo shemeji yangu, kaka yake Mama Junior, ambaye kazi yake ni kupaka matatu rangi kwenye jua kali. Yeye pekee ndiye alisikiliza shida yangu bila kucheka. Alichukua kibanda cha dereva, akakigeuza juani huku na huku, akafumba jicho moja.

"Maruni, nyeusi kidogo, na njano ya kuonjesha," akasema. "Njano hujaweka."

"Sijaweka."

"Ipo. Nipe saa moja."

Nakuambia ukweli, nimesoma miongozo ya kuchanganya rangi, nina chati, nina sindano ya kupimia. Yule bwana alichanganya kwa kijiti cha ukwaju ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, akapaka tone kwenye kucha yake, akaishikisha na kibanda, na kucha ikapotea. Huwezi kuona mpaka. Nilitaka kumkumbatia.

Nikamwambia jambo moja tu: "Shemeji, hii ni plastiki. Thina ya gari itaiyeyusha. Tungoje kwanza niipake kinga."

"Sawa, bosi," akasema, na naamini alikuwa anamaanisha. Nikaondoka kumsindikiza amu mmoja stendi. Foleni ilikuwa ndefu, matatu inajaza pole pole, na amu hukuachi mpaka akumalizie habari ya shamba.

Niliporudi, Mount Gelai ilikuwa juani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Imekwisha. Imepigwa sprei mwili mzima kwa ile bunduki ya kupakia matatu, koti mbili nzito, hadi magurudumu, hadi vioo vya dereva. Inameremeta kama jumba la harusi. Na rangi, wallahi, ilikuwa ndiyo. Ningeiweka kando ya ile ya Nairobi bila haya.

"Nikaona nikupunguzie kazi," shemeji akasema.

Hapo tangi la nyuma likaanza kuinama.

Ni jambo la kawaida kabisa, si uchawi. Gundi ya plastiki tunayotumia hushika kwa kuyeyusha kingo mbili ziungane zikiwa laini. Thina ya gari hufanya hayo hayo, ila haichagui kingo. Maungio yangu yote ya miezi 14 yalikumbuka kwamba yaliwahi kuwa majimaji. Dohani ililala ubavuni kama mtu anayesinzia kanisani. Tangi la mbele likatazama chini. Katikati pakajaa, halafu pakabonyea. Nilitaka kuikamata, lakini kila nilipogusa niliacha alama ya kidole, na hadi leo ukiiangalia vizuri ubavuni utaona gumba langu, limetoka safi kuliko la kitambulisho.

Shemeji alivua kofia. "Koti ya tatu tusipige, ama?"

Jumamosi sikuwa na zawadi nyingine. Mama Junior akasema niiweke tu kwenye kisanduku, Mzee macho yake si mazuri sana siku hizi. Keki ikakatwa, watu wakaimba, kisanduku kikafika. Mzee alivaa miwani. Akaitoa, akaiweka kwenye mapaja, akaigeuza. Sebule nzima ilinyamaza, hata kijana wa Bungoma, ambaye sijui mpaka leo kwa nini alikuwa bado yuko.

"Rangi ni yenyewe," Mzee akasema.

Akapitisha kidole mgongoni, pale palipobonyea.

"Lakini huyu dereva alikuwa amelewa."

Jumapili wa Minnesota aliniandikia, safari hii kwenye kundi lenyewe. Alikuwa ameona ujumbe wangu kupitia mtu wa familia aliyemuuliza kama Marekani kuna damu ya bei nafuu. Ana vichupa 2 vya Tuscan Red kwenye gereji, akasema, havijafunguliwa. Alidhani nilikuwa nazo nyingi.

Injini iko juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa Mzee. Mgeni akiingia hawezi kukosa kuiuliza, na Mzee, ambaye mwanzoni alikuwa akisema tu "ni kazi ya kijana wangu", siku hizi anasema ilipata ajali. Mwezi wa kwanza ajali ilikuwa ndogo. Sasa ina mteremko, mvua ya usiku, breki zilizogoma na fayamani mmoja kijana aliyeruka dakika ya mwisho. Nimejaribu kumsahihisha mara mbili. Aliniuliza kama mimi nilikuwepo.

Shangazi akiwa amekuja kutembea ndiyo hatari zaidi, kwa sababu naye huweka kikombe chini na kuunga mkono. Anasema usiku ule habari zilipofika Kisumu hakungoja hata kuche, alipanda gari kuja kutoa damu. Wageni humtazama kwa heshima, na siku moja mmoja akauliza alitolewa kiasi gani.

"Walitaka mililita 20," akasema. "Lakini kufika hapa, tukachinja jogoo."