Wapiga besi hatuhitaji mwenyekiti

Pendekezo limeletwa tena, na safari hii lina wafuasi. Wanataka sisi wapiga gitaa la besi wa Kisumu na viunga vyake, tunaokutana Jumapili alasiri baada ya ibada, tujisajili kama kikundi. Tuwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchango wa kila mwezi na nambari ya kulipia kwa simu. Mkenya akiona watu watano wameketi pamoja na wanacheka, lazima atafute daftari la mahudhurio. Mimi napinga.

Kwanza ieleweke sisi ni akina nani. Hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa besi. Kuna fundi wa pikipiki wa Kondele, muuguzi, mwalimu wa hisabati anayeteremka na matatu kutoka Maseno, na kijana wa Vihiga anayeuza nguo soko la Kibuye. Wengine huja na kuondoka. Waluo, Waluhya, Wakisii na Mnandi mmoja asiyekosa, kwa hivyo tunaongea Kiswahili chenye "omera" (yaani "ndugu" kwa Kijaluo) kila sentensi ya tatu.

Bendi huwa na mpiga besi mmoja tu. Wapiga solo wawili wakikutana, hupimana vidole kabla hata ya kusalimiana. Waimbaji hugombania maikrofoni. Mpiga besi hana wa kushindana naye, lakini pia hana wa kuongea naye. Akipiga vizuri, watu hucheza na kumsifu mwimbaji. Akinyamaza katikati ya wimbo ndipo wanageuka kuuliza kumetokea nini. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko chini hata kidogo. Unamtumia shangazi yako video ya kanisani, umepiga siku hiyo kama hujawahi kupiga, naye anajibu: "Pongezi mwanangu, lakini mbona wewe hukupiga?" Mtu wa namna hii akimpata mwenzake, hamwachi aende nyumbani mapema.

Inashangaza kwamba tumefika hapo katika nchi ya benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo, ambako besi ndiyo iliyokuwa ikiwainua watu vitini. Sikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz yake. Mzee huyo alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akafariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Katika muziki ule besi haijifichi nyuma kuhesabu hatua. Inatembea, inamkatiza mpiga solo, inauliza na kujibu. Mwalimu wetu husema asili yake ni nyatiti, na nadhani ana haki: chombo cha nyuzi nane ambacho mtu mmoja hukipiga huku akiimba, akigonga mbao kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, na njuga zikilia mguuni. Aliyekua akisikia hayo hawezi kuridhika na besi ya kupiga noti moja hadi kesho.

Kijana wa Vihiga hakubali. Kwake yeye besi ilianzia kwenye dole gumba la wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, kama George Mukabi, ambao kwa gitaa moja lisilo na umeme walitembeza nyuzi za chini kwa dole gumba huku vidole vingine vikiimba juu. Waliwahi kubishana alasiri nzima, kila mmoja akithibitisha kwa kupiga wala si kwa kusema, na kufikia jioni mwalimu alikuwa akipiga mtindo wa Kiluhya na kijana akipiga wa Kijaluo, bila yeyote kukiri kushindwa. Hebu niambie hilo lingeandikwa vipi kwenye kumbukumbu za mkutano. Ajenda ya tatu: dole gumba?

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la kanisani. Makanisa yetu mengi mwimbaji huanza wimbo popote Roho anapomshukia. Hakuna aliyeulizwa ufunguo wa wimbo, yaani noti ya kuanzia. Mpiga kibodi hana wasiwasi: ana kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, anabonyeza mara mbili na vidole vyake vinabaki palepale alipozoea. Mpiga besi hana kitufe. Ana shingo ndefu ya mbao, waumini wanaotazama, na sekunde chache. Anasaka. Akigonga noti isiyo yake kwa kujiamini, mama mchungaji anafumbua macho.

Muuguzi ndiye aliyetufundisha namna ya kusaka bila kuaibika. Unalaza kiganja cha kulia juu ya nyuzi ili zisivume, unapapasa kwa sauti ndogo ukifuata mguu wa mpiga ngoma, na hata usipojua uko noti gani, mdundo wako unakuwa sahihi. Ukiipata noti, ndipo unainua kiganja taratibu, na waumini hudhani ulikuwa unajenga hisia. Alitoa ujuzi huo bure, tena kwa vijana wa makanisa ambayo hayaalikani na lake hata kwa harusi. Tukijisajili, hilo litakuwa semina yenye ada, cheti na soda.

Halafu kuna suala la nyuzi. Seti ya besi ni ghali mara kadhaa kuliko ya gitaa la kawaida, kwa hivyo sisi huzichemsha. Jasho na mafuta ya vidole hujaa katikati ya mizunguko ya waya hadi sauti inakufa. Ukizitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kama kumi, kisha ukazikausha vizuri zisishike kutu, hung'aa tena kwa muda. (Tumia sufuria yako mwenyewe.) Fundi wa pikipiki hachemshi wala habadilishi. Hujitetea kwa James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, aliyepiga kwa kidole kimoja cha shahada na anayejulikana kwa kukaa na nyuzi zilezile miaka na miaka.

"Fundi, Jamerson alitumia nyuzi za waya bapa, zisizo na mianya ya kujaa jasho," mwalimu alimwambia. "Zako ni za waya wa duara."

"Mwalimu, ufukara hauna umbo."

Wanaotaka katiba wana hoja moja nzito, nayo ni matanga. Wanasema mtu akifiwa, kikundi kisicho na mfuko kitamtazama tu. Lakini mmoja wetu alipompoteza mama yake, kule upande wa Siaya, hatukuwa na mfuko wala orodha. Pesa zilikusanywa usiku uleule. Mnandi alibeba spika kwenye gari la mjomba wake, na wapiga besi tukakesha tukipokezana gitaa moja, kwa sababu bendi iliyoitwa ilikuja bila mtu wa besi. Nimeona vyama vyenye mihuri vikichelewa kufika makaburini kwa sababu sahihi ya pili haijapatikana. Na uongozi huleta kiti, kiti huleta wagombea, wagombea huleta kambi. Tuliokutana kwa sababu hatuna mpinzani tutakuwa tumejinunulia mpinzani kwa mchango wetu wenyewe.

Kuna karatasi moja tu ninayoweza kuikubali. Tununue daftari la shule, la kurasa 48, tuandike nani ameazima nini na lini. Waya wangu wa kuunganishia gitaa, ule mrefu mweusi wenye utepe wa kijani, ulitoka Kondele kwenda kwenye harusi Ahero, ukaonekana mara ya mwisho Luanda ya Vihiga, na kila ninayemuuliza ananitajia mtu mwingine.