Tuchonge na majahazi yaliyokufa

Maduka ya vinyago ya Lamu na Unguja yamejaa vijahazi, na vyote ni vipya. Tanga jeupe, ubavu unang'aa kwa vanishi, kamba hata moja haijalegea. Vinawalisha mafundi wetu, na vizidi kuuzwa. Lakini naamini kijahazi kinachofundisha zaidi ni kile cha chombo kilichokufa: gofu lililolazwa ufukweni, mbao zimebanduka, mataruma, yaani mbavu za chombo, yako nje.

Jahazi zima huficha kazi ya fundi. Fundi wa Matondoni akitaka taruma hachukui ubao ulionyooka akaukata upinde. Hutafuta tawi lililopinda lenyewe, akalichonga kwa tezo mpaka likubaliane na ubavu wa chombo. Nyuzi za mti zinafuata pindo, na hapo ndipo nguvu ya taruma ilipo. Mbao zikishapigwa juu yake, nani atayaona hayo? Gofu linayafunua yote: alama za tezo, pamba ya kalafati, ile ya kuzibia maji, inayoning'inia kwenye maungio, kichwa cha msumari kilichozungushiwa pamba ya mafuta ili maji yasipenye. Anayechonga gofu lazima ajue ndani ya chombo, maana hana ubao wa kufunikia asichokijua.

Nina ugomvi na wale wanaodhani kuchakaza ni kupaka rangi ya kijivu na kuvunja mbao mbili tatu. Kila uchakavu una mwenyewe aliyeuleta. Mbao za juu zinapaushwa na jua na kupasuka kwa urefu wake. Za chini, zinazoloweshwa na maji kila yakijaa, huliwa na vidudu vya baharini vinavyotoboa mti. Ndiyo maana mabaharia huchoma chombo kwa makuti yakawaka chini yake, kisha wakakipaka shahamu na chokaa. Chombo kilichoachwa hakichomwi tena. Msumari nao ukishika kutu huvimba, ukapasua ubao kutokea kwenye tundu lake, na michirizi myeusi ikashuka chini. Ukipasua ubao wa kijahazi chako pasipo na msumari, aliyekulia pwani ataliona kosa hilo kwa mbali.

Rangi yenyewe haihitaji duka. Loweka nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ndani ya siki kwa siku chache. Pakaza mbao zako chai ya rangi iliyokolea, ziache zikauke, halafu pitisha ile siki. Chuma kinakutana na tanini, ule ukakasi wa chai, na mti unageuka kijivu mbele ya macho yako, rangi ikiwa ndani ya nyuzi zenyewe. Mchanga wa kulazia gofu ndio unaosumbua. Kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita moja ya kijahazi ni sentimita 20 za chombo chenyewe, punje ya nusu milimita inasimama kama jiwe la sentimita moja, kwa hiyo mchanga wa ufukweni hauwezi kutumika ulivyo. Uchekeche kwa kitambaa, utumie vumbi lake.

Kinachonifanya nilisisitize jambo hili ni mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari kilitoweka katika bahari yetu karne ya 20, na leo anayetaka kukijua anategemea picha, maandishi na vielelezo vichache vya kuchongwa kama kile cha Makumbusho ya Lamu. Laiti mtu angekaa ufukweni na mtepe uliooza, akachonga kila mshono kama ulivyoachia! J. Richard Steffy, mtaalamu wa meli za kale, alitumia vielelezo vya namna hiyo kuielewa meli ya kale ya Kyrenia, iliyozama karibu na Kupro, na kazi yake ikawa mwongozo kwa wachunguzi wa meli duniani. Sisi magofu yetu yako juu ya mchanga, hayahitaji hata kupiga mbizi.

Ila hayakai. Mbao za majahazi makongwe zina soko la meza, viti na fremu za picha, na zisizofaa huishia jikoni. Kama kuna gofu karibu na kwenu, nenda maji yakiwa yametoka. Pima mkuku, ule mti mkuu wa chini, pima nafasi kati ya taruma na taruma, piga picha fashini, mti unaosimama mwishoni mwa mkuku, kutoka pande zote mbili, na umwulize mzee wa pale chombo kilikuwa cha nani na kilijengwa kwa mti gani. Jahazi la mita 12 kwa 1:20 ni sentimita 60 tu. Meza ya kawaida inatosha.