Mikono Inayolisha Bakteria wa Kinywa

Kwa karibu miaka minne, bakteria wa fizi tuliokuwa tukiwachunguza katika labo ndogo ya chuo kikuu hapa Lubumbashi waliishi kwa damu ya kondoo mmoja aliyefugwa nyuma ya nyumba huko Katuba. Mwenye kondoo alikuwa laboranti wetu mzee, yaani fundi wa maabara, ambaye sote, kuanzia wanafunzi hadi Profesa, tulimwita Papa Labo. Damu ya machinjioni ilikuwa ikituharibia sahani za kuoteshea bakteria, kwa sababu ilifika ikiwa tayari imeingiwa na vijidudu vingine, nayo ya kuagiza kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ilichelewa njiani hadi ikaharibika kwa joto. Basi Papa Labo alinunua kondoo kwa fedha zake mwenyewe, akawa anakwenda na mganga wa mifugo kila baada ya wiki kadhaa kutoa damu kidogo katika mshipa wa shingo, kisha anaitikisa pamoja na shanga za kioo mpaka nyuzi zinazoigandisha zote zishikamane na shanga. Katika makala mbili tulizochapisha wakati huo jina lake halimo. Mimi ni mmoja wa walioliacha, na naamini kosa lile halikuwa dogo.

Anayejua kazi hii anaelewa kwa nini nasema hivyo. Bakteria wa kinywa ni wagumu kutunza kuliko wengi wanaofundishwa darasani. Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa na ugonjwa wa fizi unaolegeza meno hadi yang'oke, hudhurika kwa oksijeni ile ile tunayoivuta sisi. Anahitaji virutubisho vya damu na vitamini K, joto la sentigredi 37, na subira ya wiki nzima au zaidi kabla makundi yake hayajaonekana vizuri na kugeuka meusi juu ya sahani. Mshumaa unaowashwa ndani ya mtungi uliofungwa, hila inayotosha kwa bakteria wengi wa jamii ya streptokoki, haumfai hata kidogo, kwa kuwa mshumaa huzimika wakati oksijeni ingali nyingi. Kinachotakiwa ni mtungi usiovuja, pakiti ya kunyonya oksijeni, na mtu ambaye hatafungua kifuniko siku ya tatu kwa sababu tu ana hamu ya kuchungulia. Mtu huyo hajengwi kwa semina ya siku mbili. Papa Labo alikuwa akitazama sahani dhidi ya mwanga wa dirisha, akageuza mkono kidogo, akasema kwamba kundi lile la pembeni si la mgonjwa bali limetoka kwenye vidole vyetu. Tukipaka rangi na kuweka chini ya hadubini, tulikuta amesema kweli.

Wapo na wengine. Yupo muuguzi wa kliniki ya meno anayekwangua ukoga chini ya ufizi na kuutia haraka katika chupa ya kusafirishia, akijua kwamba kila dakika ya hewa inaua sehemu ya kile tunachokitafuta. Yupo sentineli wa usiku. Huyu hakuwa na mafunzo yoyote ya biolojia, lakini alikuwa amejifunza kutofautisha mlio wa friza ya sentigredi 80 chini ya sifuri na milio mingine ya jengo, na umeme ulipokatika usiku wa manane ndiye aliyewasha jenereta na kumpigia simu asistenti wa zamu. Katika friza ile mlikuwa na bakteria wa wagonjwa mamia kadhaa, wamehifadhiwa katika gliserini. Usiku mmoja wa uzembe ungefuta kazi ya watu wanne waliokuwa wakiandika tasnifu zao.

Kusahau watu wa namna hii si desturi ya Kongo pekee. Sahani tunazotumia huganda kwa agari itokanayo na mwani, na aliyependekeza agari itumike ni Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyefanya kazi katika maabara ya mtaalamu wa bakteria Robert Koch mjini Berlin. Jelatini waliyokuwa wakiitumia ilikuwa ikiyeyuka kwa joto, na baadhi ya bakteria waliila. Fanny, aliyekuwa akipikia jamu zake kwa agari na kumsaidia mumewe kazi za maabara na michoro bila mshahara, ndiye aliyeona njia ya kutoka. Mwaka 1882 Koch alipotangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu alitaja agari, lakini Fanny hakumtaja. Hadi leo tunasema sahani ya Petri, kwa heshima ya msaidizi wa Koch aliyeieleza mwaka 1887, ila sijasikia mwanafunzi akisema agari ya Hesse.

Nasi Wakongomani tunalijua vizuri jeraha hili. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa nchi kulikozuka Ebola, mwaka 1976 na kuchukua damu za wagonjwa bila glavu, lakini kwa miaka mingi simulizi za ugunduzi wa Ebola zilitaja zaidi wanasayansi wa Ulaya na Marekani. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Sasa najiuliza: tunapomwacha laboranti wetu nje ya makala iliyosimama juu ya mikono yake, tofauti yetu na wale tuliowalaumu iko wapi?

Wenzangu wengine huniambia kwamba zama hizo zimepita, kwamba aina zaidi ya 700 za bakteria wa kinywa zimetambuliwa, nyingi zikiwa zimejulikana kwa kusoma DNA, na kwamba kilichobaki ni kupata mashine. Mashine naitaka kama wao. Lakini mashine husoma kile kilicholetwa mbele yake. Ukoga uliokaa juani au chupa iliyoguswa na kidole vitasomwa kwa uaminifu ule ule, na majibu yatatoka yakiwa mazuri kwa macho na ya uongo. Tena DNA ya bakteria aliyekufa na ya aliye hai husomeka pamoja. Ukitaka kujua dawa gani inamuua aliye hai, sharti umwoteshe.

Na hapa kwetu hitaji si la anasa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa: ugonjwa unaoanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto mwenye utapiamlo na kula shavu lake kwa siku chache, ilhali ukiwahiwa antibiotiki za kawaida hutosha. Hakuna bakteria mmoja aliyethibitishwa kuwa ndiye chanzo. Swali kama hilo litajibiwa na watu wanaojua kuchukua sampuli, kuilisha na kuikeshea.

Ndiyo maana mwaka huu nimeomba Papa Labo, ambaye sasa amestaafu, awe mmoja wa waandishi wa makala yetu mpya. Mwenzangu mmoja aliuliza kama mtu asiye na lisansi anaweza kuandikwa. Kanuni ambazo majarida mengi ya tiba huzifuata haziulizi shahada. Zinauliza mtu amechangia nini, na kama ameshiriki kusahihisha na kuidhinisha andiko. Jumamosi iliyopita nilikwenda Katuba na rasimu ya Kifaransa, nikamfafanulia kwa Kiswahili aya baada ya aya. Kwenye sehemu ya mbinu alinisimamisha. Tulikuwa tumeandika kwamba sahani zilikaa katika kabati la joto siku 7. “Mwanangu,” akasema, “siku saba tulijaribu mwanzoni tu, hazikutosha. Hizi zote zilikaa kumi.” Akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada la bluu, tukatazama tarehe moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi.